Walinifunua Kwenye Kilio

Neno lenyewe nilipewa na mshonaji. Kabla ya hapo sikuwa nalo. Kwetu Likasi mtu akiumbuka mbele ya watu tunasema amepata haya. Vijana wanasema amepata honte. Mama yangu, ambaye kwao walisema Kibemba, alikuwa anasema nsoni huku akijifunika mdomo kwa kiganja. Maneno hayo yalinitosha mpaka uzee. Kisha likanipata jambo ambalo halikuingia katika neno lolote kati ya hayo, kama mguu uliovimba unavyokataa kiatu cha jana.

Mimi, au minye kama tunavyosema huku, sikusoma sana. Nilitoka shuleni ninajua kuandika jina langu na kufuata nyimbo za kanisa kwa kidole, nikaolewa hapa Panda, mtaa wa Likasi, katika nyumba hizi za kambi za wafanyakazi zilizojipanga kama meno. Nimezaa, nimezika, nimelea wajukuu. Mmoja anasomea uuguzi Lubumbashi, na nikipita barabarani ninatembea kama mtu ambaye mjukuu wake anasomea uuguzi. Kichwa changu kilikuwa kinainama kwa kazi moja tu, kupuliza moto wa mbabula, jiko la makaa. Ninayasema haya mapema ili ujue ni kichwa gani walitaka kukiinamisha.

Kazi yangu kwenye kilio, yaani msibani, ni ya chungu, kupika. Kanisani kwetu wamama tuna kikundi. Tunavaa kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja na kitambaa cha kichwa cha buluu chenye ukingo mweupe, na nyumba ya mwanakanisa ikipata msiba tunafika na vyungu vyetu kuwapikia wenye kulia. Nimesonga bukari, ugali wetu, ya vilio vya Panda tangu nina meno yote. Walionizidi kwa kuimba ni wengi, walionizidi kwa chungu sijawaona.

Na kwenye kila kilio kuna chakula kimoja ambacho si cha waombolezaji. Ni cha wachimba kaburi. Kwetu wanaochimba ni vijana wanaoshinda Kamatanda wakitafuta mawe ya shaba, kwa sababu wanajua udongo, unaposhika na unapoanguka. Wakimaliza kuchimba hawakai na watu wengine, mikono yao bado ina udongo wa marehemu. Wanakaa nyuma ya uzio, karibu na majembe yao. Mwenye chungu anawatengea sehemu ya kwanza, kipande kizuri cha samaki, anaweka bakuli chini ya mkono, analifunika kwa kikwembe chake mwenyewe, anawapelekea. Linafunikwa ili aliyefiwa asione kwamba kuna mtu anashiba kwa kuzikwa kwa mtu wake. Na mbebaji hasemi. Kutoka kwenye chungu mpaka vijana wamekula na kunawa, ukimwita hageuki, ukimtukana hajibu. Anabeba kwa niaba ya yule aliyelala, na yule aliyelala hana maneno. Bibi yangu alinifundisha hivyo, na watu wa zamani wa Panda wakimwona mama anakwenda kimya na kitu chini ya kikwembe wanampisha njia bila kuuliza.

Mama prezida wa kikundi chetu hakuwa mtu wa zamani wa Panda. Alikuja akiwa mtu mzima, akimfuata mume wake dereva wa malori, akafungua meza ya vikwembe sokoni. Vikwembe vya kikundi vilipitia kwake, ndiyo maana wakamfanya prezida. Ana sauti ya kuita wateja wa mbali. Hakupenda namna nilivyokaa kwenye chungu kama kwenye kiti cha baba yangu, na mimi sikupenda namna alivyokuja kuonja kwa kidole.

Basi, kilio kile kilikuwa cha mama mmoja wa kwaya. Ua ulijaa. Nilitenga bakuli la wachimba kaburi: bukari, sombe ya majani ya muhogo, na kichwa kikubwa cha makayabo, samaki wa chumvi. Nikalifunika. Nikaanza kwenda.

"Mama, unapeleka nini?"

Nikapita.

"Weye mama. Niko naongea na weye."

Nikaendelea. Akanifuata, na watu wakageuka, maana sauti ile inageuza watu.

"Tangu asubuhi bantu banauliza makayabo inaenda wapi. Njo hii njia yake."

Akashika pembe ya kikwembe changu akavuta. Si kidogo. Alivuta kama anavyovuta kitambaa kwenye meza yake kumwonyesha mteja upana wake. Bakuli likaonekana, na mvuke wake, na jicho la makayabo likitazama watu. Mimi nikabaki na jipo, sketi ya ndani, mbele ya wanaume, mbele ya wakwe za watu.

"Muone," akasema. "Muone mwizi wa kilio. Benzake banalia, ye anabeba."

Nilikuwa na mdomo. Ulijaa maneno ya moto kama bukari iliyotoka kwenye chungu sasa hivi. Lakini nilikuwa bado nimebeba. Nikafunga meno.

"Ananyamaza," akasema. "Kama haiko mwizi, si aseme?"

Mama mmoja mnene, jirani yangu wa benchi kanisani, akacheka. Simu zikainuka. Mchungaji alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo, akatafuta kitu ndani ya Biblia yake na hakukipata mpaka mambo yalipokwisha. Mama prezida akaninyang'anya bakuli akalimwaga katika chungu cha watu wote. Nyuma ya uzio vijana walikuwa wameona. Wakabeba majembe yao mabegani, wakaondoka na njaa, bila kunawa.

Hapo ndipo nilipoweza kusema, maana hapakuwa tena na cha kubeba. Nikasema, "Ile ilikuwa chakula ya wachimba kaburi."

"Ah, sasa njo anapata mudomo," akajibu, na ua mzima ukacheka, hata wale waliojua. Hao waliojua ndio siwasahau.

Jioni ile ile video ilifika Lubumbashi. Mjukuu wangu wa uuguzi, ambaye mimi ni kambo yake, bibi yake, akanipigia.

"Kambo, ni weye?"

"Ni minye."

"Beko banasema uliiba."

"Wanasema uongo."

Kisha akasema, "Wenzangu wa darasa bameshaiona." Mtoto niliyemfunga mgongoni, niliyempangusa makamasi kwa vidole hivi, alikuwa anatafuta namna ya kutonihurumia, na nilimsikia anaitafuta.

Jumapili mchungaji akaamua nipige magoti mbele ya kanisa, niungame, nisamehewe, au nirudishe kitambaa cha kikundi. Nikakifungua kichwani mimi mwenyewe, nikakiweka juu ya benchi, nikatoka na nywele zangu nyeupe nje. Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani. Mdomo ule ule ulioniita mwizi useme ukweli, mbele ya watu wale wale, na mimi niwe pale nikisikiliza. Kuomba Mungu amhukumu siku ya mwisho sikutaka. Siku ya mwisho ni mbali, na mimi ni mzee.

Mshonaji ni jirani yangu. Ni Mwislamu, muzee wa upande wa Kasongo, ana Kiswahili kirefu cha kwao, kila neno limepigwa pasi. Vitambaa vya kikundi chetu alivishona yeye, kwenye ile veranda yake, kwa mashine ya kukanyaga, maana umeme unatoka bwawa la Koni pale karibu lakini nyumbani kwetu unafika ukitaka. Aliniona napita kichwa wazi.

"Dada, kazi yangu umeiacha wapi?"

Nikamsimulia yote. Akaondoa mguu kwenye mashine.

"Hiyo si haya," akasema. "Haya ni mali yako, inakaa ndani yako. Mtu mwenye haya ni mtu mwema. Hiyo waliyokufanyia ni fedheha."

Nikamwambia anieleze polepole, kama anavyompimia mtu nguo. Akasema fedheha ni kufunuliwa. Kitu kinaweza kuwa kibaya, au kizuri, au si kitu kabisa, lakini mtu anakuja mbele ya macho ya watu anakifunua, na wewe huna mkono wa kujifunika. Kinyume chake, akasema, ni sitara. Mtu akikusitiri amekufunika. Baba yake alikuwa anajua tenzi za zamani kwa moyo, anawaimbia watoto wakati wa Ramadhani, na neno hilo lilikuwa linarudi humo kama uzi kwenye pindo. Washairi wale wakifikiria siku ambayo kila jambo litawekwa wazi, hawaombi sana utajiri wala umri. Wanaomba sitara. Fedheha wanaiogopa kuliko moto, maana katika moto unaungua peke yako, lakini fedheha haipo mpaka kuwe na watazamaji. Hata mama katika tenzi akimuusia binti yake anayeolewa, akasema, anamtahadharisha na neno hilo, asilete fedheha mlangoni.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikauliza kilichonipeleka.

"Na yule aliyefunua mwenzake, washairi wanamfanya nini?"

Akacheka. "Wengi wanamwombea Mungu amsitiri na yeye."

"Hao hawakuwa na mama prezida."

"Wapo na wengine," akasema akishika tena gurudumu la mashine. "Wanaoomba fedheha imrudie aliyeituma."

"Hao njo niko natafuta."

Nikarudi nyumbani na neno langu. Nilikuwa nalisema nikisonga bukari, mwiko unakwenda, fe-dhe-ha, na mwisho wake ni pumzi inatoka, kama mfuniko ukiinuliwa. Haya huwezi kumtupia mtu, itabaki kwako. Fedheha inashikika. Ina pembe kama kikwembe, na anayeshika pembe ndiye mwenye nguvu.

Mkubwa wa wale wachimbaji alikuja kunisalimu. Ni kijana mkubwa, baba wa watoto, kifua kipana, vumbi la Kamatanda halimtoki masikioni.

"Kambo, ile siku tulingoja."

"Najua."

"Unataka tuende kwake?"

"Hapana," nikamwambia. "Musiende kwake. Mungojee kilio kingine ambacho anapika ye. Munajua majembe yanavyolala."

Akanitazama, akaelewa, akacheka bila sauti. Majembe yaliyochimba kaburi yakilazwa mlangoni pa ua, hakuna mtu anayeyavuka mpaka waliochimba wamekula. Wala mjane wala mchungaji. Ukiyavuka, kaburi linakufuata hadi kwako. Hilo hata watu wageni wa Likasi wanalijua, kwa sababu linawaogopesha. La chakula kilichofunikwa haliogopeshi mtu, ndiyo maana lilisahauliwa.

Basi tukangoja. Mungu anisamehe, nilianza kuuliza habari za wagonjwa. Nikisikia muzee fulani wa kanisa anakohoa, nilimpelekea uji, na nilipokuwa namnywesha nilikuwa namwangalia kwa macho mawili, moja la huruma na moja la hesabu zangu. Wengine walipona kwa uji wangu.

Mwishowe akafa muzee wa reli, mtu aliyeheshimiwa, watoto wake wakaja kutoka Lubumbashi na Kolwezi. Mama prezida alikuwa kwenye chungu, kitambaa cha buluu kimefungwa juu kama taji. Mimi sikuingia. Nilikaa ng'ambo ya barabara kwa rafiki yangu, nikichambua mboga za lengalenga ambazo alikuwa ameshazichambua yeye.

Watu walirudi kutoka makaburini, wakanawa, wakakaa. Wachimbaji wakaja nyuma yao. Mama prezida akamtuma mtu awapelekee sahani, wazi, katikati ya watu. Mkubwa wao hakuipokea. Akalaza jembe mlangoni. Wenzake wakalaza ya kwao juu yake, kwa mtindo wa msalaba.

"Hatutakula," akasema. "Kuna chakula yetu ilipotea kilio kilichopita. Aliyeibeba aje kwanza."

"Ile iliibiwa," akasema mama prezida. Sauti ilikuwa bado nzima.

"Iliibiwa na nani? Tulimuona kambo anatoka na bakuli, amefunika. Tukaona weye unamufunua. Tukaenda na njaa."

Maneno hayo yakatoka mlangoni yakaingia mpaka ndani ya nyumba. Dada wa marehemu, mzee kunizidi mimi, akatolewa akiwa ameshikwa mikono miwili. Akamtazama mama prezida kutoka miguuni kwenda juu.

"Weye ulifunua chakula ya kaburi? Mbele ya bantu?"

"Mama, kwetu haiko vile. Sikujua."

"Kama hukujua, ungeuliza. Mudomo uko nao."

Kwa neno hilo ningemnunulia yule bibi ng'ombe. Maana ni kweli, pale ndipo ulipo mpaka. Mtu asiyejua anakuvuta kando, anakuuliza sikioni. Akikuvuta kikwembe mbele ya ua, hakukosa kujua. Alitaka macho.

Watu wakaanza kuangalia jua. Mchungaji alikuwa na ibada ya jioni, akasogea mpaka kwenye majembe, akainua mguu kidogo, akaurudisha. Wakamtuma mtu aniite. Nikasema nakuja. Nikanawa miguu. Nikabadili kikwembe. Nikafunga kingine juu yake. Nikavuka barabara kama mtu anayekwenda kupigwa picha.

Nikasimama nje ya majembe, wao ndani.

"Kambo, utubebee," akasema mkubwa wa wachimbaji, kwa heshima, kama tulivyopanga.

"Minye ni mwizi wa kilio," nikasema. "Mwizi habebi. Abebe prezida wenu. Lakini abebe vile inabebwa."

Wote walitaka kurudi kwao. Yule dada wa marehemu akamwonyesha mama prezida chungu kwa kidevu. Akapakua. Mchuzi ukamwagikia kidole. Akaweka bakuli chini ya mkono, akalifunika kwa kikwembe chake, kile cha bei ambacho hakuna mwingine wa kikundi aliye nacho. Mkubwa wa wachimbaji akainua jembe moja, nikapita, akalirudisha.

Nikaenda nikamshika pembe ya kikwembe, kwa vidole viwili tu.

Akasimama. Akaniangalia. Alikuwa ameshabeba, hakuweza kusema, na nikaona macho yake yanauliza kile mdomo ulichonyimwa: utavuta? Tukaanza kwenda, yeye na bakuli, mimi na pembe. Nilikuwa nakwenda mwendo wa mgonjwa. Nikisimama, anasimama. Kila nikikaza vidole mabega yake yanapanda. Yule mama mnene aliyecheka siku ile, sijui kwa kutaka kunipendeza, akaita kutoka kwenye mkeka:

"Mama prezida, unapeleka nini?"

Mdomo wake ukafunguka. Ukafungwa. Machozi yakatoka, na mikono haikuwa huru kuyafuta. Watu walicheka. Safari hii sikuwachukia kwa kucheka.

Niliwaza kuvuta. Nitakuwa mwongo nikisema sikuwaza. Lakini vijana wale walishakosa chakula mara moja kwa kufunuliwa, sikuweza kuwanyima mara ya pili kwa ajili ya raha yangu. Mlangoni tukainuliwa tena jembe, nikaishika pembe ile mpaka nyuma ya uzio, na hapo ndipo nilipoiachilia.

Walikula taratibu. Niliwaomba hivyo. Mmoja alikuwa anatafuna makayabo kama anayemchagulia mtoto miiba. Mama prezida akasimama juani, kimya, mpaka mkono wa mwisho uliponawa. Kisha nikamrudisha katikati ya ua.

"Sasa uko na mudomo," nikamwambia. "Sema."

Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Hakuiba."

"Wa nyuma hawajasikia. Ile siku walisikia."

"Hakuiba. Ilikuwa chakula ya wachimba kaburi. Nilimufunua bure."

Simu zilikuwa juu. Moja niliipeleka mimi mwenyewe, mikononi mwa rafiki yangu wa lengalenga, na nilikuwa nimemwambia asimame mahali penye mwanga. Jioni mjukuu wangu akapiga.

"Kambo, ni weye?"

"Ni minye."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nimeshaituma kwa wote," akasema. Nikamwambia ale vizuri, alale mapema.

Mchungaji alinirudishia kitambaa cha buluu Jumapili iliyofuata, kwa maombi marefu. Nilikipokea. Ninakitumia kushikia vyungu vya moto. Kitambaa kizuri, mshonaji wetu anajua kazi, hakiunguzi vidole.

Mshonaji mwenyewe ananisihi. Nikipita anasema, "Dada, imetosha, umsitiri sasa." Ninamjibu kwamba nalifikiria neno hilo, nalo ni zuri, lakini mimi nilianza kujifunza na lile jingine na bado sijalimaliza.

Kwa hiyo Jumamosi, soko likijaa, ninakwenda kwenye meza ya mama prezida. Ninamsalimu vizuri. Anainamisha macho. Ninamwonyesha kikwembe kilichokunjwa, ninamwambia afungue nione. Anafungua. Ninasema afungue na kile cha chini yake. Anafungua. Wateja wanasimama, wengine wanatujua, wanagusana viwiko. Meza yote inakuwa wazi, rangi juu ya rangi, naye anatoka jasho akitafuta mwanzo wa kukunja. Ninapapasa kimoja, ninatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Fungua na kile pale."